Blauzi ya kroshia yenye marinda, kwa joto la Lindi

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Lindi mjini. Kufuma nilifundishwa na bibi yangu. Vitambaa vya makochi na vya meza nafuma bila kuangalia mkono. Sasa nimeona picha ya blauzi ya kroshia ya Kimarekani, ya majira ya kuchipua, ina marinda mikononi na mengine chini. Nikaanza kwa kujaribu marinda peke yake, kwenye ukingo wa mishono 60. Niliweka nguzo tatu katika kila mshono, safu baada ya safu. Ya nne sikuimaliza, uzi uliniishia, na kilichotoka ni kitu kigumu kilichojisokota, hakilali wala hakichezi. Nakosea wapi? Na uzi gani unafaa kwa joto letu? Halafu maelezo ya blauzi ni ya mwanamke mwembamba, mimi kifua changu ni sentimita 96.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtu anayefuma kitambaa cha meza kikalala sawasawa tayari anayajua marinda, ila ujuzi wake wote ameutumia kuyazuia. Kumbuka kitambaa cha duara. Unaanza na nguzo ndefu 12 katikati (ule mshono mrefu, nitakueleza hapo chini), na kila mzunguko unaongeza 12 nyingine: 24, 36, 48. Ukiongeza pungufu ya hapo, kitambaa kinainuka kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unaanza kupanda na kushuka, na nina hakika bibi yako alikuwa akikwambia fumua. Huko kupanda na kushuka ndiko tunakokutafuta leo. Marinda ni ukingo uliozidishiwa nguzo makusudi. Kazi iko katika kujua uzidishe kiasi gani, na uache lini.

Wewe hukuacha. Tuihesabu kazi yako: mishono 60, tatu katika kila mmoja, ni nguzo 180. Safu ya pili 540. Ya tatu 1,620. Ya nne, hiyo iliyokumalizia uzi, ingefika 4,860. Mgongo mzima wa blauzi nitakayokupimia hapa chini, kuanzia kiunoni mpaka begani, una nguzo 3,948. Ulikuwa unafuma safu moja iliyo kubwa kuliko mgongo wa nguo! Nguzo zote hizo zinagombea ukingo wa mishono 60, hazina pa kwenda isipokuwa kubanana na kujisokota.

Usilitupe hilo jaribio lako lakini. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alichukua sindano ya kroshia akafuma kitu cha jinsi hiyohiyo ili wanafunzi wake washike mkononi umbo ambalo karatasi inashindwa kulionyesha vizuri: uso ambao kadiri unavyotoka nje ndivyo unavyozidi kupanuka. Aliongeza kwa kiwango kilekile kila safu, bila kuacha, na ukizitazama kazi zake utadhani matumbawe ya Msimbati. Kwa somo la hesabu ugumu ule ndio uliotakiwa. Blauzi inataka kuanguka na kutikisika mtu akitembea.

Kwa hiyo ongeza mara moja, kwa nguvu, kisha nyoosha. Safu ya kwanza ya marinda weka nguzo ndefu mbili katika kila mshono. Safu zinazofuata weka moja juu ya moja, bila kuongeza chochote. Ni urefu wa hizo safu zilizonyooka unaoyapa marinda uzito wa kushuka. Ukifika safu ya mwisho, ukipenda ukingo uchanue zaidi, ongeza tena kidogo tu: nguzo tatu kwenye kila mishono miwili. Ukitaka wimbi jepesi, lisilo na makeke, hiyo tatu kwa mbili inatosha hata kwenye safu ya kwanza. Tatu kwa moja inawezekana, ila iwe mara moja tu na marinda yawe mafupi.

Aina ya mshono nayo ina neno lake. Ili tuelewane, nguzo fupi ni ile ya kuingiza sindano, kuvuta uzi na kupitisha mara moja. Nguzo ndefu ni ile unayozungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza, ukapitisha mbili mbili. Marinda ya nguzo fupi husimama kidete. Ya nguzo ndefu hulegea na kushuka, na ndiyo nitakayotumia. Vitambaa vya makochi vimekuzoesha kukaza mkono, kwa uzi mwembamba na sindano ya chuma isiyofika milimita 2. Mkono huo kwenye nguo unatoa turubai. Chukua sindano ya milimita 4, au 4.5 kama bado unakaza, na uache kila nguzo ipande mpaka urefu wake kabla hujaifunga.

Sasa uzi. Kuchipua kwa wenzetu wa kaskazini ni Machi hadi Mei, theluji imetoka lakini asubuhi bado kuna baridi, ndiyo maana maelezo mengi ya blauzi za aina hiyo yanataja uzi wenye sufu au akriliki (nyuzi za plastiki). Kwetu Machi ni mvua na mvuke. Blauzi ile kama ilivyo ingekaa vizuri kwa mtu wa Newala, jioni ya Julai, kusi ikivuma juu ya uwanda. Kwa Lindi mjini, Mtwara, Mikindani na Kilwa, nenda na pamba. Pamba inanyonya jasho na kuliachia hewani; akriliki hainyonyi, jasho linabaki kati ya ngozi na nguo. Ila pamba nayo ina ila yake, ni nzito, na ikiwa nzito inarefuka. Mchanganyiko wa pamba na akriliki, nusu kwa nusu, ni maafikiano mazuri kama utaupata, hasa ukitaka marinda makubwa chini.

Madukani kwetu mara nyingi mpira wa uzi umeshavuliwa karatasi yake, na muuzaji atakuapia ni pamba. Omba kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio cha chuma, ukichome nje ya duka juu ya sahani. Pamba inawaka na kunuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini linalopukutika. Akriliki inayeyuka na kuacha punje nyeusi, ngumu. Usiiguse ikiwa moto. Na kama nyumbani una mabaki ya ule uzi mwembamba wa vitambaa, shika nyuzi mbili au tatu pamoja ufume kama uzi mmoja. Mara nyingi ni pamba safi, na rangi mbili zilizokaribiana zikisokotana zinatoa kitu ambacho hakuna duka linakiuza.

Kabla ya kununua uzi wote, fuma kipande cha majaribio. Najua mnakichukia, maana kitambaa cha meza kikizidi sentimita mbili hakuna anayejua. Kwenye nguo, sentimita mbili ni kwapa linalobana. Fuma mraba wa kama sentimita 15, uufue, ukauke, kisha uubane kwenye kamba kwa vibanio uning'inie usiku kucha. Asubuhi, ukiwa bado unaning'inia, pima katikati: nguzo ngapi ziko ndani ya sentimita 10 za upana, na safu ngapi ndani ya sentimita 10 za urefu. Ukipima mraba uliotoka mkononi sasa hivi, utapima blauzi ambayo mwezi ujao itakuwa gauni.

Nitahesabu kwa kipimo changu cha pamba ya unene wa kati na sindano ya milimita 4: nguzo ndefu 16 na safu 9 kwa sentimita 10. Vyako vikiwa tofauti, badili namba, njia ni ileile. Kifua chako 96, ongeza 8 za kupitisha hewa, inakuwa 104. Gawa kwa mbili kwa ajili ya mbele na nyuma: 52. Nguzo 16 kwa sentimita 10 ni 1.6 kwa sentimita moja, na 52 mara 1.6 ni 83.2. Chukua 84, namba ya shufwa itakurahisishia shingo. Umeona, maelezo ya yule mwanamke mwembamba hatuyahitaji tena. Picha tumeibakiza kwa ajili ya kutamani tu.

Nyuma ni mstatili mtupu. Anza na cheni 86, uzifume kwa sindano kubwa kidogo ili ukingo wa chini usibane. Nguzo ya kwanza iingie cheni ya nne kutoka sindanoni, zile tatu ulizoruka zinahesabika kama nguzo moja, nawe una 84. Fuma safu 47, sawa na sentimita 52 za urefu. Basi.

Mbele fuma vivyo hivyo mpaka safu ya 42, kisha simama. Wengi hufuma mistatili miwili sawasawa, wakaunganisha mabega, halafu wanashangaa mbona nguo inapanda kooni ukikaa. Shingo ya binadamu inaelekea mbele, lazima mbele pawe chini kuliko nyuma. Kuanzia safu ya 43, fuma nguzo 22 za upande mmoja tu, safu tano, ukate uzi. Ruka nguzo 40 za katikati. Fuma 22 za upande wa pili, safu tano nazo. Umepata shingo yenye upana wa sentimita 25 na kina cha zaidi kidogo ya 5, na mzunguko wake wote ni kama sentimita 61. Kichwa kinapita. Kama umesuka rasta au nywele zako ni nyingi, jaribu kwanza kwa kuunganisha mabega kwa pini.

Unganisha mabega, 22 kwa 22. Mbavuni anza kushona kutoka chini, safu 29, uache 18 za juu wazi. Hiyo ni nafasi ya mkono ya sentimita 20. Tuseme mkono wako umejaa, acha 20 au 21. Kwa kuwa kila kipande kina upana wa 52, bega la nguo litashuka kidogo juu ya mkono. Ndivyo tunavyotaka: marinda yataanzia hapo, na huhitaji kuchonga kwapa.

Mikono ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo picha nyingi hukosea. Zinaonyesha marinda yamezunguka tundu lote la mkono, mpaka chini ya kwapa. Kwenye baridi sawa. Hapa kwetu, nguzo mbili mbili za pamba chini ya kwapa mwezi wa Januari ni upele mtupu. Fanya hivi. Zungusha kwanza duru moja ya nguzo fupi kwenye tundu lote, upate 64 (sentimita 40 mara 1.6). Usihesabu safu kwa kukisia. Weka vibanio vinne vya nywele kugawa tundu robo nne, kila robo iwe na 16, hapo ukingo hautakusanyika upande mmoja. Duru hii ya nguzo fupi ni mkanda unaoyashika marinda yasivute bega, usiiruke hata kama una haraka.

Halafu tia alama: mishono 8 kila upande wa mshono wa ubavu inabaki hivyohivyo, wazi. Marinda yafumwe juu ya 48 zilizobaki, 24 mbele na 24 nyuma ya bega, kwa kwenda na kurudi badala ya kuzunguka. Safu ya kwanza, mbili katika kila mshono: 96. Ya pili na ya tatu, 96 vilevile. Ya nne, tatu kwa kila mbili: 144. Ukitaka yatoke mapana begani na kuisha taratibu kuelekea kwapani, kila safu ianzie nguzo nne ndani ya ile iliyotangulia na iishie nne kabla ya mwisho. Hesabu itapungua, isikusumbue. Ukimaliza, pita ukingo mzima kwa nguzo fupi moja moja, kuanzia kwapani hadi kwapani, ngazi za pembeni zifichike.

Vaa nguo kabla hujafuma marinda ya chini. Nasema vaa, usiiweke kitandani ukaipima kwa macho. Simama, inua mikono, keti. Marinda ya chini yanafumwa upande wa pili wa zile cheni ulizoanzia, mishono 168 mbele na nyuma, ikizidishwa mara mbili ni 336 kwa safu. Safu sita ni nguzo 2,016, zaidi ya nusu ya mgongo, na uzito wote huo unaning'inia kwenye mabega mawili. Ndiyo sababu nimekufanya uning'inize mraba. Kama mwili wa nguo tayari unafika unapotaka uishie, fumua safu saba au nane za ushonaji wa mbavuni uone: au upunguze urefu, au uache mipasuo pembeni na marinda yawe vipande viwili, mbele na nyuma. Kwa mwenye nyonga pana kuliko kifua naipendelea hiyo mipasuo. Marinda yaliyobanwa na nyonga hunyooka, na kazi yote ya kuongeza inapotea.

Kuhusu kiasi cha uzi, jumlisha: nyuma 3,948, mbele 3,748, mikono miwili kama 1,000, chini 2,016. Ni karibu nguzo 10,700. Nunua mpira mmoja, uufume wote kwenye mgongo, uhesabu umetoa nguzo ngapi. Tuseme umetoa 1,900. Utahitaji sita, nunua saba. Na ununue zote kwa mara moja, ukitazama namba ya upakaji rangi kwenye karatasi ikiwa ipo. Duka la huku likiishiwa, mzigo mwingine utaagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, na ile waridi ya mwanzo na ya pili hazitafanana, hasa juani. Yakikukuta hayo, rangi ya pili ipeleke yote kwenye marinda, mikononi na chini, ionekane ulikusudia.

Ukirudi kwenye maelezo ya mtandaoni siku nyingine, tahadhari moja. Herufi dc kwa Mmarekani ni nguzo ndefu. Kwa Mwingereza ni nguzo fupi. Ukiona sc (nguzo fupi kwa Mmarekani) popote kwenye maelezo, yameandikwa Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawaitumii.

Nguo ya kroshia ina matundu, hilo halikwepeki. Ndani vaa kamisi au topu ya rangi ya ngozi yako. Nyeupe chini ya rangi ya bahari itaonekana kuliko unavyodhani. Wanaojisitiri mikono huvaa juu ya fulana nyepesi ya mikono mirefu, na marinda yanapendeza zaidi hapo, yana kitu cha kulalia.

Kufua ni kwa mkono, maji ya kawaida, bila kukamua kwa kusokota. Ikunje ndani ya taulo uibonyeze. Usiianike kwenye kamba. Maji yatashuka kwenye marinda na kuuvuta mwili wote. Ilaze kwenye mkeka kivulini, uyapange marinda kwa vidole yakiwa bado mabichi, maana yatakauka jinsi utakavyoyaacha. Pamba inavumilia pasi kupitia kitambaa kibichi, lakini marinda usiyaguse nayo, na ikiwa ni pasi ya mkaa angalia cheche. Mchanganyiko wenye akriliki usiupige pasi kabisa. Joto linaulegeza na haurudi tena. Hakikisha imekauka hasa kabla ya kuiweka kabatini, kwani pamba iliyokunjwa na unyevu wa pwani huota ukungu, na kwenye marinda ya rangi nyepesi madoa yale hayatoki.

Na hicho kigumu chako cha safu nne, kifumue mpaka safu ya kwanza, yenye 180, ufume safu tatu zilizonyooka juu yake kwa sindano ya 4. Ni uzi uleule, utaona kwa macho yako kinavyoshuka, na utajua kama mkono wako umeshalegea vya kutosha kuanza mgongo.